Kishimo cha Kidole Gumba

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri. Kinyozi husema ilikuwa Jumatano, lakini Jumatano kinyozi hufunga kibanda na kwenda kunolesha mikasi, na siku hiyo alikuwepo kijiweni, kitambaa cheupe begani, nywele za mteja wa mwisho zingali zimemganda mikononi. Muuza kahawa husema jua lilikuwa linakaribia kuzama. Si kweli, kwa maana kivuli cha nguzo ya umeme kilikuwa hakijagusa kigogo cha pili cha benchi, nacho katika mwezi huo hukigusa saa kumi kasoro dakika tano. Wapo pia wanaosema mvua ilinyesha. Haikunyesha hata tone. Kilichomwagika siku hiyo ni kikombe kimoja cha kahawa, na kitaelezwa mahali pake. Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliokaa juu ya matofali na vigogo, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya seremala, likitazamana na mlango wa chuma ambao zamani ulikuwa duka la Fundi Redio na sasa una kufuli tu.

Aliyewasili saa hiyo ni mzee wa miaka sabini na mitatu ambaye kijiwe kilimwita Bwana Dakika. Jina hilo alilipata langoni. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mlinzi wa lango la ghala la unga, na kila lori lililoingia au kutoka alilihifadhi kichwani: dereva wake, mzigo wake, saa yake na dakika yake. Jioni alimtajia karani yote, lori baada ya lori, karani akaandika. Watu wa ghala walidhani ni kipaji. Hakikuwa kipaji. Mishale ya saa aliijua, ila herufi hakuijua hata moja.

Siri hiyo alistaafu nayo na akaja nayo kijiweni. Gazeti lilipopita mkono kwa mkono, alilishika kama wenzake, akafunua ukurasa jirani yake alipofunua, akatikisa kichwa jirani yake alipotikisa. Hadi siku Fundi Redio alipomwona akitabasamu mbele ya ukurasa wa matangazo ya vifo. Kesho yake alimwita dukani, eti amshikie tochi wakati akichomea waya, na juu ya meza, kati ya skrubu na spika zilizopasuka, palikuwa na kitabu cha watoto cha herufi. Tangu siku hiyo, saa nane hadi saa tisa alasiri, mlango ulirudishwa nusu, na kwa miezi kumi na minne hakuna aliyejua kinachotengenezwa mle ndani. Bwana Dakika alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Sasa ni yeye anayewasomea wenzake gazeti kila siku, kutoka kichwa cha habari hadi bei ya vitunguu. Fundi alifariki mwaka jana na siri mdomoni. Na katika kijiwe kizima hakuna aliyewahi kujiuliza mzee huyu alijifunzia wapi kusoma, kama vile mtu asivyojiuliza jirani yake alijifunzia wapi kutembea.

Alikuja akiwa amebeba kitu kirefu, kimefungwa kwa shuka, kimelala juu ya viganja vyake viwili.

— Mzee wangu, hicho ni mtoto au bomba la maji? aliuliza kinyozi.

Kinyozi huyo wanamwita Kipaza, kwa sababu siri ikinong'onwa sikioni mwake husikika mpaka barabara ya pili.

— Ni fimbo ya kuvulia ya marehemu Fundi. Binti yake anaifuata saa kumi na nusu.

— Ile ya nyuma ya mlango? Si ililiwa na panya?

— Kilicholiwa ni kishikio. Fimbo yenyewe nzima.

Akalifungua shuka polepole. Bi Birika, mama muuza kahawa, aliacha kumimina. Seremala, ambaye jina lake la kijiweni ni Msumari, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, jambo ambalo hulifanya kwa kazi za watu wengine mara moja kwa mwaka.

Fimbo ilikuwa ya vipande viwili vinavyochomekwa kimoja ndani ya kingine. Vipete vya kupitishia mshipi, vilivyokuwa vimekula kutu, vilikuwa vimebadilishwa na kufungwa upya kwa uzi mwekundu wa cherehani, mzunguko umelala kando ya mzunguko bila pengo. Lakini jicho lilikimbilia kwenye mipini. Ilikuwa miwili, mmoja mrefu wa mkono na mmoja mfupi wa kitako, yote ya mbao ngumu nyekundu, iking'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga.

Walitaka kujua imefanywaje, naye akawaeleza kwa utaratibu. Mabaki ya kishikio cha zamani, kilichokuwa cha kizibo, lile gome laini la kuzibia chupa, aliyaloweka kwa maji ya moto na kuyabandua kwa kisu kilichotiwa ubutu makusudi. Mbao aliikata vipande tisa vifupi, kila kimoja akakitoboa katikati kwa keekee ya kuazima, akavivisha kwenye fimbo kama pete kwenye kidole, gundi kati ya kila viwili, kamba ikivibana siku mbili. Kisha tupa, kisha msasa wa aina tatu, kisha vanishi mara tano kwa kipande cha fulana kuukuu. Namna ya kufanya aliisoma katika kijitabu cha maktaba. Ukurasa wa gundi aliusoma mara nne. Jumla ilimchukua miezi mitatu kasoro siku sita.

Binti wa Fundi alitaka kuitupa fimbo hiyo pamoja na takataka nyingine za duka. Bwana Dakika ndiye aliyemwomba asiitupe. Binti akasema sawa baba, nikipata uhamisho nitaifuata. Na uhamisho ulikuwa umetoka. Alikuwa anakwenda kufanya kazi katika mji wenye ziwa, na basi lake lilikuwa la kesho asubuhi. Kwa hiyo kilichokuwa juu ya shuka lile kilikuwa shukrani yote ya Bwana Dakika, aliyopanga kuitoa pasipo kulazimika kutamka kwamba ni shukrani, wala ni ya nini. Binti akiipokea akaipenda, basi. Mzee angekuwa amemaliza.

Msumari alikiri kwamba kazi ni safi. Hata hivyo, seremala hawezi kusifu bila kutoa sehemu, akasema mbao ni nzito kuliko kizibo na mvuvi atachoka kiwiko. Kipaza akamkatiza. Tatizo, alisema, si kiwiko, ni masikio.

— Masikio ya nani? aliuliza Msumari.

— Ya samaki. Kitaalamu, samaki husikia kwa mwili mzima. Kizibo kiko kimya. Mbao inaimba. Ukiigusa tu, kule chini wanajua fulani kashika fimbo.

— Wakijua watafanya nini?

— Watakuja.

Bi Birika akauliza, sasa hilo tatizo liko wapi. Kipaza akafafanua kwamba watakuja, naam, ila hawataiendea ndoana. Miti huangukia majini tangu zamani, na samaki hutaga chini ya magogo. Kwa samaki mbao ni nyumbani kwao. Kwa hiyo watauendea mpini.

— Basi mzee aifunge ndoana kwenye mpini, alisema Msumari, na mvuvi ashike huku kwenye ncha.

Wakacheka. Msumari akauliza ni mbao gani, maana rangi hiyo anaijua lakini haipo sokoni siku hizi. Bwana Dakika alijibu kwamba ni mguu wa meza kuukuu. Hakusema ni meza ipi. Alipokea kikombe chake cha kahawa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mabega yake yakashuka.

— Hebu niishike kidogo, alisema Msumari.

Lazima ielezwe hapa kwamba Bwana Dakika mwenyewe hakuwahi kuishika. Kuibeba aliibeba, kuipiga msasa aliipiga, lakini daima ikiwa imelala juu ya viganja au imebanwa kwenye jiliwa. Kuifumba vidole kama mwenye mali aliona ni utovu wa adabu. Pale palikuwa pa mkono wa mtu mwingine. Ndiyo maana juu ya mpini mrefu alichonga kishimo cha kukaa kidole gumba, kama kile kilichokuwa kwenye kizibo kabla panya hawajakitafuna, kishimo ambacho mkono wa Fundi ulikichimba wenyewe kwa miaka. Hakikuwa kimebaki cha kupimia. Alikichonga kwa kumbukumbu, na kwa kumbukumbu yake angeweza kuapa.

Msumari alifumba vidole. Akafumbua, akafumba tena. Kidole chake gumba kilitambaa juu ya mbao kama kipofu anayetafuta kitasa.

— Mzee, hiki kishimo cha nini?

— Cha kidole gumba.

— Cha nani?

— Cha Fundi.

Msumari akainua mkono wa kulia, fimbo ikiwa ndani yake, ili wote waone. Kidole gumba kilikuwa kimelala upande wa kushoto wa mpini. Kishimo kilikuwa upande wa kulia.

— Basi Fundi alikuwa na mkono uliogeuka, alisema taratibu.

Hapo ndipo kikombe kilipomwagika. Ilikuwa saa kumi na dakika nane.

Msumari, ambaye si mtu mbaya, alitafuta njia. Huenda mbao ilijipinda gundi ilipokuwa ikikauka, alisema. Mbao ina tabia hiyo. Kipaza alilikataa wazo hilo kwa dharau. Kwa maoni yake Fundi alikuwa wa mkono wa kushoto kwa siri. Watu wa namna hiyo wapo, hula kwa kulia mbele za watu na wakiwa peke yao wanapumzika. Bi Birika alisema alimpa Fundi kahawa miaka kumi na tano na mkono uliopokea ulikuwa wa kulia. Ndiyo siri yenyewe hiyo, alisema Kipaza. Kisha akaona haitoshi, akaongeza kwamba kuna nchi ambako watu huvua wakiwa wameyapa maji mgongo, ili samaki wasiwaone uso, na huko kishimo huwekwa hivyohivyo. Fundi alikuwa na redio, alisikia ya nchi nyingi, haikosi alivua kwa mtindo huo. Bi Birika akasema pengine si cha kidole, ni cha kuwekea chambo. Msumari akasema chambo huwekwa kwenye kopo. Wakaendelea.

Bwana Dakika hakuwasikia. Alikuwa ameelewa, tena kwa mara moja, na kilichomwumiza ni kwamba kosa lile hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelifanya. Fundi alikuwa na desturi yake ya kufundisha. Hakuonyesha herufi kwa kalamu. Alichukua kipande cha chini cha fimbo hiyo, chenye kishikio, akaketi ng'ambo ya meza, na kwa ncha yake akagonga herufi moja moja: hii, na hii, na hii. Miezi kumi na minne mkono ule ulikuwa mbele ya macho ya mwanafunzi wake. Mbele, si kando. Kidole gumba ambacho kwa Fundi kilikuwa kushoto, yeye alikiona kulia. Na kulia ndiko alikokichonga.

Angeweza kueleza. Lakini kueleza mahali alipokuwa ameketi ni kueleza alichokuwa akifanya hapo, na miaka zaidi ya kumi ya kuheshimiwa kwa gazeti ingeanguka mbele ya kinyozi mwenye jina la Kipaza.

— Nina tupa hapo ndani, alisema Msumari. Tukiparaza pande zote kishimo kitaisha.

— Mpini utakuwa mwembamba. Na vanishi haikauki kwa dakika ishirini na mbili.

Hata hizo hazikuwa ishirini na mbili. Binti wa Fundi alitokea saa kumi na dakika ishirini na moja, begi begani, mwendo wa mtu aliyeacha nyumbani mizigo iliyofungwa nusu. Akaamkia wote, akaitikiwa. Kisha akaiona fimbo. Akasema asante baba, asante sana, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, akashuka kwenye mpini, akafika kwenye kishimo. Akashika. Akashika tena.

— Baba, mbona kishimo kiko upande huu?

Msumari hakuitaja tena mbao inayojipinda. Kipaza, aliyekuwa na nchi nzima ya watu wanaovua kinyumenyume, alianza kuchambua nywele kwenye kitambaa chake.

— Siulizi kwa ubaya, alisema binti. Nilipokuwa mdogo alinipakata mapajani akichezea fimbo hii. Mkono wake nauona mpaka leo, kidole kilikaa huku. Nilitaka kujua tu, wewe ulikuwa ukimwona kutoka wapi?

Bwana Dakika alitazama mlango wa chuma wenye kufuli. Fundi asingemsema. Fundi alikuwa amekufa bila kumsema. Ila anayeuliza alikuwa mtoto wake, na alichouliza ni kitu kidogo na cha haki.

— Kutoka mbele, alisema. Nilikuwa nikikaa mbele yake, mezani.

— Ukifanya nini?

— Nikijifunza kusoma, mwanangu.

— Kusoma nini? aliuliza Kipaza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuvuka barabara.

— Kusoma. A, be, che. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja na sikujua herufi. Gazeti nililokuwa nikilishika hapa, nililishika tu. Baba yake aliniona, hakunicheka, hakunisema kwa mtu. Alinionyesha herufi kwa fimbo hiyo, miezi kumi na minne. Kitabu kilikuwa kimoja na kilimwelekea yeye. Miezi miwili ya kwanza nilizijua zote zikiwa kichwa chini. Siku alipokigeuza kitabu kunielekea, sikuitambua hata moja.

Binti aliketi kwenye ncha ya benchi, fimbo magotini.

— Na mbao? aliuliza Msumari.

— Mguu wa meza ile. Wa upande wake.

Kipaza alisimama. Alilichukua gazeti la siku hiyo, ambalo lilikuwa halijasomwa kwa ajili ya mambo haya, akaligeuza juu chini na kumwekea mzee mbele ya macho. Hakuna aliyemkemea, kwa sababu wote walitaka kujua. Bwana Dakika akavuta pumzi, akasoma: daraja la waendao kwa miguu limefunguliwa tena baada ya matengenezo, wakazi wa ng'ambo waishukuru halmashauri, wanafunzi hawatazunguka tena kwa barabara kuu. Hakukwama mahali. Alisoma mpaka mwisho wa safu, yaani, kwa walivyoliona wao, mpaka juu.

— Mama alikuwa akilalamika, alisema binti akicheka huku akijifuta macho. Fimbo anayo, kila siku anaikamata, samaki haji nyumbani hata mmoja.

— Kumbe samaki alikuwa huyu hapa, alisema Kipaza.

Msumari hakucheka. Alikuwa bado anapiga hesabu ya jambo fulani kichwani, na hesabu ilipokamilika akasema:

— Miaka yote hii tunasema Bwana Dakika katusomea. Kumbe tulikuwa tunasomewa na Fundi.

Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mzee kilichomwagika, ili amjazie tena. Yakatoka matone matatu na mashapo. Akamimina hayohayo, kwa heshima, akamkabidhi.

— Niachie fimbo, mwanangu, alisema Bwana Dakika. Nitatengeneza mpini mwingine. Mguu wa pili wa meza ninao. Nitakutumia kwa basi.

Binti aliihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto, akafumba vidole. Kidole gumba kikateremka kwenye kishimo na kutulia humo.

— Hapana, baba, usiiguse. Wewe uliweza kujifunza kichwa chini. Na mimi nitajifunza kwa kushoto.

Akainuka, akaaga mmoja mmoja, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, akaondoka na fimbo bila shuka. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na saba.

Siku hizi Kipaza akisimulia habari hii kwa wateja, husema ilikuwa Jumatano, na mvua ilikuwa ikinyesha, na jua limezama nusu. Bwana Dakika, ambaye kwa miaka ishirini na tisa hakuliacha lori lipite bila dakika yake, husikiliza hadi mwisho na kunywa kahawa yake. Gazeti likifika, Kipaza humkabidhi likiwa limegeuzwa juu chini. Naye hulipokea hivyohivyo, akakohoa kidogo, akaanza.